Heri ya sikukuu kwa wote tulioachwa ghuba ya Rosas

Haya jamani wa kundi letu la kusoma hadithi za Hornblower, mabaharia wa nchi kavu, heri ya Krismasi! Heri kwenu mlio Tanga na Mombasa na Unguja, heri kwako kaka yetu wa Muscat ambaye kila mjadala ukinoga ndo kwanza unatoka kazini, heri kwa dada zetu wa Minnesota mnaotutumia picha za theluji mpaka magotini halafu mnatuuliza eti huko joto likoje. Na ndugu zetu Waislamu najua sikukuu yenu si hii, ila pilau la jirani halijawahi kumuuliza mtu dini yake, kwa hiyo salamu ni za wote, sahani pia.

Sasa najua wengi mmeingia kwenye sikukuu hii mmenuna. Tumemwacha Hornblower, yule kapteni wa kubuni wa manowari za Kiingereza enzi za vita na Napoleon, pabaya huko ghuba ya Rosas, Hispania, sikatai. Meli yake Sutherland milingoti imekatwa yote, sitaha imejaa maiti, mguu wa luteni wake Bush umekwenda, zile manowari nne za Wafaransa alizozivaa peke yake nazo zimechakaa vibaya lakini bado ni nne, na yeye kapteni wetu, mtu ambaye hawezi kujisifia hata kimoyomoyo bila kujitukana papo hapo, ndo katoa amri bendera ishushwe. Kitabu kikaishia hapo. Halafu mimi nikasema basi tutaendelea baada ya mwaka mpya, na maneno niliyopata siku ile Mungu anajua, kuna mzee mmoja, namheshimu sana, kaniandikia neno moja tu, "mchawi".

Lakini mzee wangu, si mimi niliyekata hapo. Ni mwandishi C. S. Forester mwenyewe, mwaka 1938. Wasomaji wa enzi zile nao walifunga kitabu hivyo hivyo, mtu wao yuko mikononi mwa Napoleon, na bahati yao tu kitabu kilichofuata kilitoka mwaka ule ule. Baadaye miaka ya 1940 Wamarekani wakawa wanamsoma Hornblower kwa vipande ndani ya Saturday Evening Post, unasoma kipande chako, unafika mahali moyo unadunda, chini pameandikwa itaendelea, basi unaweka jarida pembeni unaenda zako kulala na vita ya kweli inaendelea huko nje. Hakuna wa kumuuliza, hakuna wa kukudokezea. Sisi tuna watu humu wameshasoma mpaka mwisho na bado mnalalamika! (Na wewe uliyeanza sentensi yako na "lakini Bush baadaye" ukakatwa kauli, tunakuona, tunakupenda, nyamaza.)

Ninachotaka kusema mwaka huu ni kitu ambacho najua kuna watakaobisha. Kusubiri ndo utamu wenyewe wa hadithi hizi, mizinga ni chumvi tu. Nakumbuka tulipokuwa na ile meli ndogo ya Hornblower, Hotspur, mbele ya bandari ya Brest, Ufaransa, kuna ndugu yetu alilalamika kwamba sura nzima imepita hakijatokea kitu, meli inaenda inarudi, inaenda inarudi, mvua, ukungu, kapteni ana baridi, chakula kibaya. Mimi nikafurahi peke yangu maana ndivyo ilivyokuwa. Vita ya Waingereza na Wafaransa ilipoanza upya Mei 1803, Admirali Cornwallis aliweka meli zake nje ya Brest ili Wafaransa wasitoke, na kazi ilikuwa hiyo tu, kukaa pale, majira ya joto kukaa, majira ya baridi kukaa. Na ukiangalia mambo ya upepo ndo unaelewa akili ya jambo lile: dhoruba kali ya magharibi ikija Waingereza inabidi wakimbilie ghuba ya Torbay kwao kujificha, lakini upepo huo huo unawafungia Wafaransa ndani hawawezi kutoka, ukigeuka tu ukawa wa mashariki kila mtu lazima awe amesharudi mahali pake kabla mlango haujafunguka. Kwa hiyo nahodha analala na sikio moja liko kwenye upepo, miezi na miezi, na ikitokea hakijatokea kitu ujue amefanya kazi yake vizuri.

Admirali Nelson wa Uingereza huko upande wa Toulon, bandari nyingine ya Wafaransa, ndo kabisa. Aliandika mwenyewe kwamba hakutia mguu nje ya meli yake Victory kwa miaka miwili kasoro siku kumi, maana yake Krismasi ya 1803 na ya 1804 zote zilimkuta kule kule juu ya maji, mkono mmoja, jicho moja halioni, na kichefuchefu cha bahari ambacho hakikumwacha maisha yake yote (wale mliosema Hornblower kutapika meli ikiwa imetia nanga ni chumvi za mwandishi, haya). Halafu vita ya Trafalgar yenyewe, 21 Oktoba 1805, ikachukua mchana mmoja. Mchana mmoja! Na rafiki yake Admirali Collingwood yeye aliondoka nyumbani 1803, hakumwona tena mkewe wala binti zake, akafia melini Machi 1810 akiwa ndo kwanza karuhusiwa arudi. Mwaka huo huo wa 1810 ndo Forester kampeleka Hornblower wetu ghuba ya Rosas, kwa hiyo tukisoma tujue zile meli za kweli zilikuwa pale pale Mediterania zinasubiri.

Nimejaribu kuiwaza sikukuu yao ilivyokuwa. Biskuti ngumu yenye fukusi unagonga kwanza mezani watoke, nyama ya chumvi iliyokaa pipani mpaka hujui ni ng'ombe au nini, njegere kavu, na ramu iliyochanganywa maji, hiyo grogi aliyoianzisha Admirali Vernon mwaka 1740 baada ya kuona vijana wanalewa chakari. Siku kubwa kama Krismasi donge la unga na mafuta ya nyama na zabibu kavu, linafungwa kwenye kitambaa linachemshwa, basi. Sasa wewe unayelalamika wali umeungua kidogo chini shukuru Mungu, ukoko huo wangeupigania.

Sisi watu wa pwani lakini mambo ya kungoja upepo hatuhitaji kufundishwa na Muingereza. Sasa hivi kaskazi imeingia, na huu ndo ulikuwa msimu majahazi ya Ghuba ya Uarabuni na ya Kachchh huko India yanaanza kuteremka huku na tende na samaki wakavu na mazulia, halafu wanakaa, wanauza, wanatengeneza tanga, wengine wanaoa kabisa, wanangoja kusi ije iwarudishe na boriti zao za mikoko. Hakuna nahodha aliyeuliza mbona hakitokei kitu. Ndiyo maana naona sisi tunazisoma hizi hadithi kwa namna yetu, yaani msomaji wa London akifika kwenye sura ya upepo anairuka, babu yangu ungemsomea angekuuliza upepo ulikuwa wa wapi na ulivuma siku ngapi ndo akuulize nani kafa.

Na kuna sikukuu moja ya manowari iliyo yetu kabisa, sijui kwa nini hatujawahi kuijadili. 26 Desemba 1915, Boksing Dei, Jumapili, Ziwa Tanganyika. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa wameshika ziwa lote, Waingereza wakaleta boti mbili ndogo kutoka kwao, meli mpaka Cape Town, kutoka pale treni mpaka Kongo, halafu wakaziburuza juu ya milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, tena treni, tena mto, tena treni, zikafika ziwani Oktoba, zikashushwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Majina yake Mimi na Toutou, yaani kwa watoto wa Kifaransa ni paka na mbwa, maana kiongozi wao Komanda Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa wakubwa wake wakakataa. Mtu mwenyewe kituko, alikuwa anatembea amevaa sketi mpaka wenyeji wakampa jina Bwana Chifungatumbo. Basi asubuhi ile ya Boksing Dei meli ya Kijerumani Kingani ikajipitisha, wakaifukuza, dakika kumi na moja kwisha, ikatekwa ikapewa jina Fifi. Dakika kumi na moja! Safari ya kufika pale ilikuwa ya miezi. Forester akaja akaandika riwaya mwaka 1935 ambayo mzizi wake ni vita hivyo vya ziwani, kabla hata hajamzaa Hornblower, na ile meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, waliyoizamisha wenyewe Julai 1916 mitambo wameipaka grisi, ikaja kuibuliwa, ndo Liemba mnayoijua ya Kigoma.

Kinachonikaa mimi kwenye hadithi ile ni wale mama wa Kongo. Matrekta ya mvuke yanakunywa maji kuliko ngamia wa Somali, na kule juu milimani maji hakuna, ikabidi wanawake wayabebe kichwani kuja kuyanywesha. Bila wao Mimi na Toutou zingeozea msituni. Ukitafuta jina la Spicer-Simson unalipata, la mjomba wa Kijerumani aliyepigwa unalipata, la mama mmoja tu kati ya wale hulipati. Natamani mtu wetu aiandike kutoka kwenye foleni ile ya mitungi, kwa vipande, wiki kwa wiki, mimi nitakuwa wa kwanza kulalamika akikata pabaya.

Ambayo inanirudisha kwa Maria, mke wa Hornblower. Mwaka huu tumemsema sana Maria, kwamba mnene, kwamba analia lia, kwamba Hornblower alimuoa kwa huruma, na mwandishi mwenyewe naye kamsaidia nani. Halafu dada yetu mmoja ambaye mumewe ni baharia, yuko kwenye meli ya makontena na hata sasa hivi tunapoandikiana salamu hajui atashuka bandari gani, akaandika maneno mafupi yaliyonyamazisha watu. Alisema nyie mnamuona Maria kwa macho ya mumewe tu. Mtu kazika watoto wawili kwa ndui, mume yuko baharini barua inachukua miezi, leo hajui ni mke au mjane, na akirudi huyo bwana anaona aibu mkewe kavaa vibaya. Na ni Maria huyo huyo, enzi bwana hana hata shilingi anacheza karata za whist apate chakula, aliyemtilia nusu krauni mfuko wa koti kimya kimya. Dada akamaliza kwa kusema, mjinga humo ndani si Maria. Mimi tangu siku ile nimesoma tofauti, siwezi kukataa, na nadhani ndo maoni bora tuliyopata mwaka mzima, yamewapita hata wale ndugu zangu wanaotuchorea ramani na mishale ya upepo (ramani ziendelee, nazipenda).

Basi dada, salamu za kwanza kabisa ni zako, na za shemeji huko aliko. Na za wote ambao leo sahani yao imefunikwa inamngoja mtu.

Kwa wale mnaojisikia vibaya kwamba wageni wamejaa sebuleni nyie mmejifungia chumbani mnasoma, nawapa kinga. Agosti 1941 Churchill alipokuwa anavuka Atlantiki ndani ya Prince of Wales kwenda kukutana na Roosevelt, vita imepamba moto, yeye anamsoma Hornblower. Akampelekea ujumbe waziri wake aliyekuwa Cairo, ndiye aliyempa kitabu, kwamba nimemuona Hornblower ni bora kabisa, na maofisa wa kule wakahangaika wakidhani Hornblower ni jina la operesheni ya siri ambayo wao hawajaambiwa! Kwa hiyo shemeji akikugongea mlango mwambie uko kwenye operesheni.

Utaratibu wetu ni ule ule. Wiki ya kwanza ya Januari tukimaliza kurudisha viti vya watu na masufuria tunafungua kitabu kinachofuata, sura mbili kwa wiki, na safari hii aliyesoma mbele asidokeze hata kwa emoji, maana mara ya mwisho mtu katuma kikaragosi cha mlingoti uliovunjika akadhani hatutaelewa. Ramani ya pwani ya Ufaransa naomba iandaliwe mapema, tutaihitaji. Mwenye nakala iliyonyofoka kurasa aseme tumpigie picha. Na mzee wangu uliyeniita mchawi, nimekusamehe, nakuja tarehe moja kula biriani, niwekee la kuku.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya jamani.