Kwa binti yangu huko Kisangani, kuhusu maswali yako ya utafiti

Katuba, Lubumbashi

Mwanangu mpendwa,

Huku tuko wazima. Bibi yako anauliza kila siku kama samaki wa mtoni wamekunenepesha.

Majibu ya wanafunzi wenzako nimeyasoma yote. Unalalamika kwamba hawaelewi maendeleo endelevu, maana karibu kila mmoja ameandika miti, taka na mifuko ya plastiki, basi. Usiwacheke, mama. Hata Uingereza ni hivyohivyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Plymouth ulionyesha kwamba walifikiria zaidi mazingira, uchumi na maisha ya jamii yakabaki nyuma. Tena swali lako la kwanza limewaelekeza hukohuko. Umewauliza, “Unafanya nini kulinda mazingira?” Ulitaka wajibu nini?

Halafu ile fasili ya maendeleo endelevu ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1987, wameiandika kama katekisimu: kutosheleza mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutosheleza ya kwao. Wameishia hapo, nawe umewapa alama zote. Ripoti yenyewe haikuishia hapo. Mara tu baada ya maneno hayo inasema yanayotangulizwa ni mahitaji ya lazima ya maskini wa dunia. Kipande hicho ndicho kinachorukwa madarasani, na kwenye semina za mahotelini zaidi. Aliyefundishwa kipande cha kwanza tu atakwambia mama wa makala, yaani makaa ya miti, anaharibu msitu. Hataona haja ya kuuliza kwa nini mama huyo hana umeme.

Hapo ndipo ningekaa kama utafiti ungekuwa wangu. Unaijua laini ya umeme ya Inga, ile inayotoka kwenye bwawa la Mto Kongo. Ilianza kazi mwaka 1982, inakata nchi kama kilomita 1700 hadi Kolwezi, na ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Vijiji inavyopita juu yake haikuviachia kitu. Nilipokuwa nafundisha jiografia kule, niliwapeleka wanafunzi kuiona. Nguzo imesimama katikati ya shamba la mihogo, na hatua chache kutoka mguu wake mama mmoja anapepea mbabula, jiko la makala, kwa kifuniko cha sufuria. Makala yalikuwa hayajaiva vizuri, moshi mtupu. Mvulana mmoja akasema mama huyu anahitaji kuelimishwa. Mama akamwonyesha nyaya juu, wala hakuacha kupepea: “Panda basi, uniletee.”

Misitu yetu ya miombo inakwisha, sikatai. Magunia ya makala yanayoingia mjini kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga yanatoka mbali kuliko zamani. Lakini mti wa miombo ukikatwa, kisiki huchipua, na ukiachwa miaka ya kutosha msitu hurudi, pamoja na uyoga wake na viwavi wake wa kula. Unaouangusha ni shoka linalorudi upesi, na moto, na shamba jipya. Sasa nani ana nafasi ya kuusubiri? Wenzako wanaopanga vyumba na kupika kwa makala wanalo jibu la kukupa, ila hukuwauliza.

Profesa wako naye mwambie, kwa heshima, kwamba wazo hili halikuzaliwa kwenye mikutano ya Umoja wa Mataifa. Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliandika mwaka 1713 kwamba miti isikatwe haraka kuliko inavyoota, kwa sababu migodi na tanuru za madini zilikuwa zinamaliza misitu. Mtu wa migodi! Sisi tuliokulia chini ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, tulipaswa kufundishwa habari zake tangu shule ya msingi.

Kwa hiyo swali la kwanza lifute. Weka hili: jana ulipika kwa kutumia nini, nani alikuuzia, na mbona hicho na si kingine? Kisha waulize kuhusu madini ya kobalti ya Kolwezi inayoingia kwenye betri za magari ya umeme ya Ulaya na China, nani anakula faida na nani anabaki na vumbi. Fasili iwe ya mwisho kabisa.

Niandikie kabla hujapiga fotokopi. Pesa za karatasi nimempa mjomba wako anayepanda ndege wiki ijayo. Zihesabu mbele yake.

Baba yako