Kimeta kisisahaulike kandokando ya mbuga

Mhariri,

Mjadala kuhusu kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo umejikita kwenye ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi. Kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na wanyamapori na kuambukiza hata watu, hakitajwi sana, ilhali mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika mbuga ya Ziwa Nakuru.

Mbuga ya Nairobi haina ua upande wa kusini, kuelekea Kitengela. Ukame ukikaza, ng'ombe na swala hulisha nyasi zilezile. Bakteria wa kimeta hujifungia katika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi. Mzoga ukipasuliwa, damu nyeusi isiyoganda huchafua malisho upya. (Nyama nayo huishia sufuriani.) Swala hawachanjiki wote, lakini ng'ombe huchanjwa mara moja tu kwa mwaka, tena kwa chanjo inayotengenezwa papa hapa Kenya.

Naomba kaunti za Kajiado na Machakos zishirikiane na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuchanja bila malipo mifugo iliyo karibu na mbuga kabla ya kiangazi. Anayeripoti mzoga afidiwe, asipolipwa, atauchuna.

Msomaji,
Lang'ata, Nairobi