Mjomba anasubiri picha ya Lenin, nami sikuipiga

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 24, nasoma Leipzig, Ujerumani. Mwezi wa tisa nilibeba begi langu la mgongoni nikaenda Budapest, mji mkuu wa Hungaria, siku nne, kwa basi la usiku kutoka Dresden. Mfukoni nilikuwa na yuro 160 za kwangu, pamoja na laki tatu alizonitumia mjomba kutoka Tanga. Hizo laki tatu ndizo zinazoninyima usingizi.

Mjomba alisomea uhandisi Budapest kuanzia 1982 hadi 1987, enzi za Kádár, kiongozi wa kikomunisti wa nchi ile. Mpaka leo akihesabu mifuko ya saruji anahesabu kwa Kihungaria: egy, kettő, három. Sebuleni kwake kuna picha amesimama na wenzake wawili chini ya sanamu ya Lenin, yule kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, koti la kuazima limemmeza hata vidole havionekani. Wenzake wote wawili wameshafariki. Aliposikia nakwenda, alitoa hela kwenye pensheni yake akaniambia, "Mwanangu, kasimame pale pale nilipokuwa mimi, upige picha unitumie." Akaniandikia na maelekezo: shuka November 7 tér, fuata Népköztársaság útja mpaka mwisho, kata kulia.

Shangazi, hizo barabara hazipo! Yaani zipo, ila majina yalifutwa mwaka 1990, ukomunisti ulipoanguka. Vijana niliowauliza walinitazama kama nimetoka mwezini. Bibi mmoja muuza mikate ndiye aliyeichukua karatasi, akacheka peke yake, kisha akaandika juu yake majina ya sasa: Oktogon, Andrássy út.

Nikaingia kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, ile ndogo ya njano, ya mwaka 1896, inayopita chini ya barabara hiyo hiyo. Tiketi nilinunua. Kumbe kununua hakutoshi, lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda. Huku Leipzig nina tiketi ya wanafunzi, sijawahi kugonga kitu. Juu ya ngazi walinisubiri wakaguzi wawili. Faini ilikula chakula changu cha siku mbili. Na usiku uliotangulia nilikuwa nimeshapigwa kwenye mashine ya kutolea pesa: Hungaria wanatumia forint, mashine ikaniuliza kama ibadilishe yenyewe kutoka yuro, nami nikabonyeza ndiyo kama zuzu, kumbe kiwango chake ni cha kuumiza.

Nilifika mahali penyewe, pembeni ya bustani ya Városliget. Hakuna Lenin. Sanamu iliondolewa 1989, wakasema inakwenda kufanyiwa ukarabati, haikurudi tena. Kijana wa hosteli aliniambia jioni kwamba sasa imewekwa nje kabisa ya jiji, Memento Park, walikokusanya masanamu ya enzi ile. Unapanda metro namba 4 hadi Kelenföld, halafu basi, na mlangoni unalipa kiingilio.

Mpaka hapo unaweza kunihurumia. Sasa sikiliza nisilomwambia mtu. Hela ya kwenda huko nilikuwa nayo. Siku ya tatu niliamka nimechoka, nimelala kitanda cha juu cha deka, chumba cha watu wanane, mmoja anakoroma kama trekta. Nikasema leo nijipumzishe kidogo. Nikaenda Széchenyi, yale mabwawa ya maji ya moto yanayotoka ardhini, jengo la manjano la 1913. Kiingilio chake si cha mtu mwenye begi kama langu. Nililipa kwa hela ya mjomba. Nikakaa kwenye maji, mvuke unapanda, wazee wanacheza sataranji humo humo majini, na pale aliposimama Lenin wa mjomba ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Nikitoka nikala lángos mbili (ni andazi pana lililopakwa kitunguu saumu na jibini, utamu wake usiseme). Siku ya nne nilihesabu sarafu, nikaona zinatosha maji na mkate wa njiani. Nikapanda basi.

Mjomba nilimwambia picha ziko kwenye kamera ya rafiki. Miezi miwili sasa. Binamu yangu anasema nichukue picha ya sanamu kwenye intaneti, anipachike pembeni kwa programu ya simu, mzee macho yake hayaoni vizuri, hatajua. Lakini mjomba alisimama pale kwa miguu yake. Ile picha itakuwa na miti na ukuta asioujua, na ataniuliza.

Nifanyeje, Shangazi? Nimwambie habari ya faini na kunyamazia mabwawa? Nikiri yote? Au ninyamaze mpaka mwezi wa tatu, nijibane, nirudi kwa basi lile lile siku moja tu, nimpigie picha ya kweli? Nauli ya kwenda na kurudi ni kama chakula changu cha wiki mbili.

Asubuhi hii ametuma ujumbe wa sauti. Amekohoa kwanza, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, yule mzee yupo bado?" Sijajua kama anamuulizia Lenin ama rafiki mwenye kamera.

Mpwa wako, Leipzig