Barua ya wazi kwa binti wa mwalimu wangu: ala zake zipulizwe

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, na pole tena kwa msiba. Uliniuliza uzifanyie nini ala za baba yako. Ulisema umefikiria kutengenezesha kabati la kioo, uzipange humo filimbi, klarineti na saksafoni zake, na picha yake juu, ili anayeingia ndani azione. Nimelifikiria sana swali hilo. Jibu langu naliandika wazi kwa sababu wapo wengi waliopita mikononi mwake kama nilivyopita mimi, na jambo hili linawahusu na wao.

Usiziweke kwenye kioo, dada. Zipulizwe.

Najua nagusa kidonda kibichi. Niruhusu basi nikueleze baba yako alikuwa nani ndani ya chumba cha kurekodia, maana nyinyi nyumbani mlimwona akitoka na mabegi na akirudi na mabegi, na Mzee hakuwa mtu wa kujisimulia.

Aliitwa kupiga nyimbo za watu. Anafika, anakuta nota zimewekwa kwenye stendi, hajawahi kuziona. Ukurasa wa kwanza ni filimbi, katikati ya ukurasa wa pili pameandikwa klarineti, mwishoni saksafoni ya alto. Kati ya ala moja na nyingine amepewa mapigo 16 ya kimya, pengine manane. Ndani ya mapigo hayo anailaza filimbi bila kugonga chuma, anainua klarineti, analowesha ridi, kile kipande chembamba cha tete kinachotetema mdomoni, kwa ulimi, anabadili umbo la midomo, na pigo lake likifika sauti inatoka safi. Taa nyekundu inawaka, watu ishirini wamenyamaza, na kosa la mmoja linawarudisha wote mwanzo.

Watu hudhani anayejua kupuliza kimoja anajua vyote. Si hivyo hata kidogo. Kwenye filimbi pumzi inaelekezwa kwenye ukingo wa tundu na midomo imelegea. Klarineti inataka pembe za midomo zikaze na kidevu kinyooke. Saksafoni nayo, ukiibana midomo kama klarineti, inalia kama inakabwa. Halafu kuna vidole. Kwenye filimbi na saksafoni, sauti ikiruka juu inaruka oktava moja, yaani kutoka Do hadi Do ya juu yake, vidole karibu ni vilevile. Klarineti bomba lake lina unene mmoja kwa sehemu kubwa, na upande wa mdomo limezibwa, kwa hiyo sauti haitui kwenye oktava, inapitiliza hadi sauti ya 12 kwenye ngazi: vidole vilivyotoa Do chini vinatoa Sol juu. Anayehama kutoka saksafoni kwenda klarineti katikati ya wimbo inabidi ahamishe na akili yake yote. Baba yako alihama hivyo miaka na miaka, na mimi niliyekaa kiti cha pembeni yake sikuwahi kuona uso wake ukibadilika.

Nilichokiona ni mambo madogo ambayo msikilizaji hawezi kuyajua. Ala ikikaa kwenye stendi inapoa, na hewa iliyo ndani yake ikipoa, sauti hushuka. Basi wakati sisi tunasubiri zamu yetu, yeye alikuwa anaiinua klarineti polepole na kupuliza ndani yake pumzi ya moto bila kutoa mlio, macho yake yakiwa kwenye nota, akiipasha joto kwa ajili ya sauti moja itakayokuja baada ya dakika nzima. Hedifoni aliivaa upande mmoja. Sikio moja lilisikiliza muziki, la pili lilimsikiliza yeye mwenyewe na jirani yake. Na fundi wa sauti akiwa mgeni, akaja kuichomeka maikrofoni ndani ya mdomo mpana wa mbele wa saksafoni, Mzee hakumkaripia. Alimwita karibu, akampulizia ngazi nzima ya sauti, akamwambia aweke kiganja karibu na matundu na asikilize. Sauti nyingi za saksafoni hutokea kwenye matundu ya ubavuni, si kwenye mdomo ule mpana. Fundi anarudi nyuma, anaiinua maikrofoni, na kazi inaendelea bila mtu kuaibishwa.

Hapo ndipo wengi tulipojifunza adabu ya kazi, kuliko kwenye masomo yenyewe.

Alipenda kumtaja Plas Johnson. Saksafoni ya tenori, ile nzito kuliko alto, inayosikika kwenye muziki mkuu wa filamu ya The Pink Panther, aliotunga Henry Mancini na kurekodiwa mwaka 1963, ni ya Plas Johnson. Dunia nzima inaujua mlio ule, hata watoto huuiga wakinyata. Waulize ni nani aliyepuliza. Mzee hakulitaja jina hilo kwa uchungu. Alilitaja kwa fahari, kwamba mtu anaweza kuingia kwenye masikio ya mamilioni akakaa humo. Mimi kwa kweli uchungu ninao. Baba yako yumo kwenye nyimbo ambazo watu wamezipiga kwenye harusi zao, na kwenye nyingi jina lake halikuandikwa popote. Ningeomba wenye studio na prodyuza wote waandike majina ya wapigaji, kila mmoja, kwenye kila kazi. Ni haki yao, na haigharimu chochote.

Kisha vikaja vinanda vya kielektroniki. Kimoja, Yamaha DX7, kilitoka mwaka 1983, na baadaye kompyuta zikawa na sauti za filimbi zilizorekodiwa tayari, na simu za kazi zikapungua kwa watu wa ala za kupuliza duniani kote. Sitalirefusha hilo. Nitasema tu kwamba katika miaka ile ya ukame ndipo alipotufundisha zaidi.

Alitufundishaje? Kwa kutuketisha kando yake. Alikuwa anasema, "Kuanza pamoja kila mtu anaweza. Tumalize pamoja." Ukisikiliza vizuri kundi la ala tatu za kupuliza, utaona anasema kweli: wanaanza wote kwenye pigo, lakini mwishoni mmoja anakata mapema, mwingine anaburuta, na sauti inachanika kwenye ncha. Tulikuwa tunarudia mwisho wa sauti moja mpaka kimya chenyewe kikafika kwetu wote kwa wakati mmoja. Hadi leo nikisikiliza rekodi yoyote, sikio langu linakwenda kwanza kwenye miisho. Ni yeye aliyelipeleka huko.

Na kuna jambo ambalo nadhani hulijui, dada. Simu ya kazi ilikuwa ikija, na mara nyingine Mzee alijibu, "Siku hiyo sitakuwepo, mpigieni fulani," akataja jina la mwanafunzi. Siku hiyo alikuwepo. Alikuwa nyumbani. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliipata namna hiyo, na niligundua ukweli miaka mingi baadaye, kutoka kwa mtu aliyekuwa akipanga ratiba za studio. Wenzangu nao wana habari kama hiyo. Kwa hiyo ukikumbuka siku za utotoni mwako ambazo baba alishinda nyumbani bila sababu, akakuogesha, akakusuka nywele vibaya, huenda siku ile kuna kijana alikuwa amekalia kiti chake, akitetemeka mbele ya maikrofoni kwa mara ya kwanza.

Sasa turudi kwenye kabati.

Klarineti yake ni ya mpingo, kama zilivyo klarineti nyingi nzuri za ulimwengu, na mpingo huo hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mbao nzito, ukiitupa majini inazama. Pamoja na uzito huo, ni nyepesi kuumia. Ikikaa muda mrefu bila kupulizwa inakauka, na siku mtu atakapoipuliza kwa pupa saa nzima, ndani itapata joto na unyevu ikavimba, nje bado imebana, nayo itapasuka. Ufa wa mpingo unasikika ukipiga kama kijiti. Ile koki, gamba laini linalozunguka viungo ili vishikane, husinyaa. Pedi za saksafoni, zile zinazoziba matundu, ni za ngozi, zikikauka huwa ngumu na hazilifuniki tundu sawasawa. Chemchemi zake hushika kutu. Kioo kitazuia vumbi tu. Baada ya miaka kumi utakuwa na vitu vitatu vya kupendeza ambavyo havitoi sauti tena, na hilo Mzee asingelikubali. Namjua.

Nashauri hivi. Saksafoni mpe yule kijana aliyekuwa akija kwa Mzee Jumamosi kabla Mzee hajaugua. Unamjua. Anapiga kwa ala ya kuazima, na pumzi yake ni kubwa kuliko ala anayoitumia. Usimuuzie. Mwambie tu kwamba siku akipata nzuri zaidi, hii aipitishe kwa mwingine.

Klarineti, ukiniamini, nikabidhi niishughulikie kwanza. Nitaipeleka kwa fundi abadilishe pedi na koki, kisha niipulize dakika kumi kwa siku, niongeze kidogo kidogo, nikiikausha ndani kwa kitambaa kila mara, mpaka mbao izoee tena. Ikishakuwa tayari tutaamua pamoja ni ya nani. Kwa sasa iondoe karibu na dirisha, jua lisiipige.

Ndani ya kisanduku chake kidogo utakuta ridi nyingi, kila moja ina namba na tarehe aliyoiandika kwa penseli. Alikuwa anazipokezana, leo hii, kesho ile, ili zisichoke haraka, na nyingine alizisugua kwa msasa laini mpaka zitii. Hizo usimgawie mtu, zimeshaingia kinywani mwake. Ukitaka kubaki na moja, chagua yenye mwandiko mzuri.

Makaratasi ya nota usiyachome. Nakuomba sana. Kwa mtu mwingine ni takataka, nyimbo nyingine hazina hata jina, zina namba tu. Lakini kwenye kila ukurasa ameweka alama za mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kupasha ala, hata neno "msubiri" pale ambapo mwimbaji huchelewa. Aliwasikiliza waimbaji kiasi hicho. Mwanafunzi akizisoma kurasa hizo anaweza kujifunza kazi ya studio kuliko nitakavyoweza kumweleza mimi. Nitazipiga picha zote, nakala zibaki kwako.

Na filimbi usimpe mtu. Mzee aliniambia kwamba ulipokuwa mdogo uliipuliza mpaka ukaweza kutoa sauti tatu za mwanzo, kisha shule ikakubana. Alilisema hilo zaidi ya mara moja, na alikuwa anatabasamu. Filimbi ya fedha haina tabia za mpingo, haitapasuka mikononi mwako. Inataka kufutwa tu, na pedi zake ziangaliwe. Ukiwa na nafasi mwezi ujao nitakuja na kitambaa na mafuta ya koki, niichukue klarineti, na kabla sijaondoka tuone kama sauti zile tatu bado unazikumbuka. Ukizipata, nitakuonyesha ya nne.

Nasubiri jibu lako. Wasalimie wote nyumbani, hasa Mama.

Wako,
mwanafunzi wa baba yako