Barua ya Posa Imenikuta Natunga Uzi

Leicester, Jumapili usiku

Dada Mwanaisha, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, dakika saba na nusu kila mara. Najua ungependa nikujibu kwa sauti pia, lakini simu yako wewe ikiongea inasikika mpaka kwa Mama Zulfa, na humu mna mambo ya ndugu yetu Kassim. Kwa hiyo naandika. Vaa miwani, ukae.

Nianze na posa. Mwajuma huyuhuyu, binti wa ndugu yetu Salimu? Nilipoondoka 2001 alikuwa hajatoka arubaini. Niliporudi 2014 alikuwa darasa la saba, akinikimbia kwa haya, anachungulia nyuma ya pazia. Leo wanakuja watu na barua na bahasha, wanauliza habari za kilemba na mkaja. Haya, kheri, Mungu ajaalie. Mtoto mwenyewe kama karidhia, mimi sina neno.

Lililonikaa kooni si posa. Ni ile sentensi yako ya mwisho, uliyoisema haraka haraka huku unafokea kuku: "Wameuliza mzee wetu nani, tukawaambia ni wewe."

Mimi? Nilitaka kukupigia nikwambie umekosea, mzee ni Baba Mkubwa. Halafu nikakumbuka Baba Mkubwa mlimzika mwaka jana, nami nikayatazama maziko kwenye simu, nimesimama kwenye korido ya kazini. Mjomba Athumani yuko upande wa Mama, hapa hahusiki. Salimu mwenyewe ndiye huyo hayupo, na mtoto hana kaka. Nimehesabu kwa vidole mara ngapi sijui, kila nikihesabu naishia kwenye kidole changu.

Na si kwamba sikuwa nimepewa dalili. Ijumaa ya juzi kifungo cha kanzu kilikatika. Nikachukua sindano, nikaulamba uzi, nikausokota ncha, nikauelekeza kwenye tundu. Ukapita kando. Nikasogea dirishani. Ukapita kando. Nikanyoosha mkono mbali, tundu nikaliona vizuri kabisa, ila sasa uzi ndio siuoni. Robo saa nzima, Dada, mwanamume mzima napigana na sindano, adhana ya simu inalia. Mwisho nikamwita Faridi. Kaja na simu mkononi, kaiweka juu ya meza, katia uzi mara moja, kachukua simu yake, kaondoka. Hata hakuuliza nilikuwa nahangaika tangu lini.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituita pale barazani Barabara ya 12, "Njooni mnitungie uzi"? Tulikuwa tunagombana, maana anayetunga anapewa kashata. Miaka yote ile nilidhani Bibi anajidekeza. Wallahi nilidhani anaweza, ila hataki. Na mimi Faridi sikumpa kashata, kwa hiyo hata yeye hatakuwa na la kukumbuka.

Kesho yake nikaenda duka la dawa. Wana miwani ya kusomea imetundikwa kama ndala za sokoni, kila moja na namba yake, unajijaribia mwenyewe. Moja na nusu, maandishi bado yanacheza. Mbili, yakatulia. Nikanunua mbili, moja ya nyumbani moja ya kazini, nikamwambia Rukia ni za kumsaidia Faridi na mradi wa shule. Hakunijibu, alinitazama tu.

Serikali ya huku nayo haina siri. Hapa England ukishafika miaka 50 wanakuletea bahasha mpaka mlangoni, ya kupima saratani ya utumbo. Ndani mna kichupa kidogo chenye kijiti. Samahani Dada, lakini lazima ucheke: unachukua mwenyewe choo kidogo kwa kile kijiti, unakirudisha kichupani, unaandika tarehe, unatia posta. Stempu wamelipa wao. Na kila baada ya miaka miwili wanaleta kingine, hadi ufike 74. Ile bahasha ilikaa juu ya friji wiki tatu, mpaka Rukia akaniuliza, "Unaogopa kichupa?" Nikakipeleka. Majibu yamerudi, hakuna tatizo, alhamdulillah. Wewe na Kassim nanyi mwende hospitali ya Bombo mkapime japo presha na sukari, msingoje kuletewa bahasha.

Lakini lililonikata maini ni la msikitini. Kuna kijana wa Kisomali, mpole, huwa anapanga mazulia. Alhamisi kabla ya Isha namwona anakuja na kiti. Ile safu ya viti ya nyuma kule unaijua, wanakaa wazee wa nyonga na wazee wa sukari. Nikamtazama kiti anampelekea nani. Akakiweka hapo hapo nilipo, akakisawazisha vizuri, akaweka mkono kifuani kwa adabu. Watu wanatazama. Nikamwambia sihitaji, akasema "sawa ami," lakini kiti hakukiondoa, akakisogeza nyuma yangu hatua moja tu, kama mtu anayejua.

Nikasali rakaa zote nne kwa kiburi. Kila nikishuka kusujudu goti la kulia linalia *ta!* kama kuni mbichi. Baada ya salamu wenzangu wakainuka. Mimi sikuinuka, sikuweza. Ikabidi nijifanye naleta uradi. Nimeleta uradi mrefu siku ile, malaika wameandika mengi ambayo sikuyakusudia. Msikiti ulipobaki na watu wachache nikanyoosha mkono nyuma, nikakishika kile kiti, ndipo nikapanda juu.

Mama usimwambie la goti.

Mwambie hili badala yake: kazini nimepandishwa cheo. Tangu Machi mimi ndiye msimamizi wa zamu, watu 34 chini yangu, wakiwemo Waingereza wenyewe. Sipakui tena mizigo. Nina meza, nina kiti cha kuzunguka, nina redio ya mkononi, nikisema lori lisubiri linasubiri. (Karatasi ya daktari ilichangia kidogo katika uamuzi huo, lakini cheo ni cheo.) Mtu aliyeanza hapa kwa kufagia ghala leo anapanga likizo za watu. Hilo lisemwe pale barazani, na lisemwe Kassim akiwepo.

Kuna kijana hapo kazini wa Mbagala, ndiye Mtanzania mwenzangu. Juzi tunakula, nikamsimulia jinsi Coastal Union yetu ya Tanga ilivyochukua ubingwa wa ligi 1988, mimi na Salimu tukiwa tumeparamia ukuta wa uwanja wa Mkwakwani, suruali yangu ikachanika, Baba akanitandika kwa ajili ya suruali na si kwa ajili ya kutoroka. Akanisikiliza kwa heshima zote, halafu akasema, "Mzee, mwaka huo mama yangu alikuwa darasa la pili." Hakuwa na nia mbaya. Ndilo lililoniuma, hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Nilikuwa nataka kumhadithia na gori lenyewe, nikaliacha, nikala wali wangu.

Sasa Kassim.

Kiwanja cha Pongwe nilituma pesa mimi, 2009, mara tatu, na risiti zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Wewe unajua, Mama anajua, na mjumbe wa wakati ule alijua. Leo pana fremu nne za maduka, kinyozi, muuza vifurushi na sijui nani, na kodi inakusanywa na mtu mmoja. Nikiuliza naambiwa, "Kaka yuko Ulaya, ana shida gani." Nikanyamaza miaka yote hiyo kwa sababu ya Mama. Lakini sasa nasikia huyo huyo anataka yeye ndiye akae mbele, apokee posa, awe walii wa ndoa, eti kwa sababu mimi niko mbali. Yaani bati likivuja mimi niko karibu, posa ikija mimi niko mbali.

Nimemuuliza shekhe wetu hapa. Amesema mimi ndiye mkubwa, na naweza kumpa mtu uwakala asimame kwa niaba yangu siku ya ndoa. Basi sikiliza, na haya uyaseme kwa maneno yangu. Uwakala nitampa Kassim. Nitampa mbele ya watu, kwa simu, kwa sauti, na jina lake nitalitaja kwa heshima kwa kuwa ni ndugu yangu. Ila kwanza alete hati ya Pongwe aiweke juu ya mkeka wa Mama, pamoja na hesabu ya kodi ya mwaka mmoja tu. Ya mwaka mmoja, ile ya nyuma nimeisamehe. Asipoleta, nitamtafuta mtu mwingine wa ukoo, na wageni watauliza kwa nini, naye atajibu mwenyewe.

Nimeisoma hiyo aya tena sasa hivi. Ni Baba Mkubwa mtupu, mpaka na huo mkeka. Lakini siifuti.

Pesa ya bati: umesema milioni moja na laki nane. Nimetuma laki sita leo, zilizobaki mwisho wa mwezi ujao. Nunua bati za geji 28. Fundi akikushawishi geji 30 ni nafuu mwambie chumvi ya bahari nayo inajua ni nafuu. Na ya Mwajuma nitatuma mbali, isichanganywe na bati. Wageni waambie nitapiga Jumapili ijayo baada ya Alasiri ya kwenu, wawe wamekaa, na simu ishikwe na Mwajuma maana wewe unanionyesha dari.

Umesema Mama alipousikia ujumbe wangu wa wiki iliyopita aliitika "Abee" kutoka jikoni, akaja mpaka mlangoni anafuta mikono, akamtafuta aliyemwita. Ukacheka uliposimulia. Nami nilicheka hapa.

Dada, ile miwani ya Baba ya fremu ya kahawia, iliyofungwa uzi pembeni, kama bado ipo kwenye droo ya kabati, msiitupe. Ukipata mtu anayekuja huku, nipatie.

Mdogo wako,
Rajabu