Nifanyeje huyu Ferdinand asishangiliwe?

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni.

Naongoza kikundi cha maigizo hapa Mikindani, na tunataka kuonyesha mchezo kabla msimu wa korosho haujawatawanya vijana mashambani. Tumechukua tamthilia ya Mjerumani Friedrich Schiller, Kabale und Liebe, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1784. Tunaigiza kwa Kiswahili chetu, ila watu na mambo yao nimewaacha hukohuko Ujerumani.

Kwa asiyeijua: Ferdinand ni meja, mtoto wa kigogo wa serikali, anampenda Luise, binti wa mpiga muziki Miller. Baba yake anataka amwoe hawara wa mtawala. Ferdinand akikataa, wazazi wa Luise wanatiwa ndani, na karani Wurm anamlazimisha binti aandike barua ya mapenzi kwa mwanamume mwingine, tena ale kiapo kwamba kaandika kwa hiari yake. Barua inafikishwa kwa Ferdinand makusudi. Anatia sumu kwenye sharubati ya limau, anakunywa yeye na kumnywesha Luise. Binti anasema kweli pale tu anapojua kwamba anakufa.

Sasa shida yangu. Mazoezini vijana wa mtaani huja kuchungulia, na sumu inapotiwa wanapiga makofi. "Mkomeshe huyo!" Barua wameiona ikiandikwa kwa machozi, wanajua Luise hana kosa, na bado! Mwigizaji wetu naye kashavimba kichwa, anataka afe polepole watu wamlilie.

Sisemi Ferdinand ni mtu mbaya tangu mwanzo. Hajali cheo, na anamkabili baba yake uso kwa uso. Ila haulizi akasikiliza. Yule mwanamume wa barua, akitishwa kwa bastola, anamwambia wazi kwamba huyo binti hamjui kabisa. Ferdinand anachukulia anamkana tu. Na kuna jambo linaloniuma kuliko hata sumu. Kabla ya kuua, anamkabidhi Miller mfuko wa dhahabu, malipo ya miezi mitatu ya kupendwa na bintiye. Mzee wa watu anarukaruka kwa furaha, anapanga Luise ajifunze Kifaransa na kucheza dansi. Hana mtoto mwingine, na Ferdinand analijua hilo.

Dada anayeigiza Luise kanipa sharti: mwisho, pale Ferdinand anapomnyoshea baba yake mkono wa msamaha, pakatwe, la sivyo anajitoa. "Kaua yeye, halafu yeye ndiye wa kusamehe watu?" Nimekosa jibu. Lakini mkono ule ndio unaomfanya baba ajisalimishe kwa askari. Nikiukata, kigogo anatoka salama.

Shangazi yangu anashauri nafasi ya Ferdinand apewe kijana asiyevutia. Hapana. Akiwa hapendeki, Luise alimpendea nini?

Nafikiria kurefusha tukio la dhahabu, na Miller abaki jukwaani na mfuko wake hadi mwisho. Lakini je, litatosha kuwanyamazisha wale wa "mkomeshe", bila mimi kusimamisha mchezo nikaanza kuhubiri? Na ule mkono wa msamaha, niukate au niuache? Mliowahi kuongoza maigizo, Lindi, Masasi, Newala, popote mlipo, nishaurini. Yule dada anataka jibu kabla ya mazoezi yajayo.

Kiongozi wa kikundi,
Mikindani, Mtwara