Risala ya Kikundi cha Ufinyanzi kwa Mgeni Rasmi, Baada ya Ziara ya Makumbusho ya Kauri na Vioo

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanakikundi cha ufinyanzi tunakukaribisha shuleni kwetu. Vyungu na bakuli vilivyo mezani mbele yako tumevifinyanga tangu tuliporudi kutoka makumbusho ya kauri na vioo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tulipofika tulijiuliza kwa nini udongo na kioo viishi nyumba moja. Jibu tulilipata kwenye bakuli la kijani, kuukuu, lisilo na nakshi yoyote. Ule mng'aro wake ni kioo chenyewe: mawe yaliyosagwa na majivu, yakapakwa juu ya udongo, yakayeyuka ndani ya tanuri na kuushika kama ngozi. Kabati la pili likatuonyesha kinyume chake. Kabla watu wa pwani ya mashariki ya Mediterania hawajabuni kupuliza kioo kwa bomba, katika karne ya 1 kabla ya Kristo, chupa ndogo za manukato zilitengenezwa kwa kuzungushia kioo cha moto kwenye kiini kilichofinyangwa kwa udongo. Kioo kikishapoa, udongo ule hukwanguliwa na kutolewa. Yaani udongo umevaa kioo, na kioo nacho kimezaliwa juu ya udongo.

Lakini kilichotushika zaidi kilikuwa chungu cha kupikia, cheusi kwa moshi. Ndani yake, karibu na kitako, pana alama ya kidole gumba. Mistari ya ngozi inaonekana wazi, kama vile mfinyanzi ameinuka sasa hivi kunawa mikono. Jina lake halijulikani. Tulisimama pale muda mrefu kuliko mbele ya sahani zote zilizotiwa dhahabu, na tunaamini hatukukosea.

Tuliporudi tulianza kazi kwa pupa. Vyombo vyetu vya kwanza tulivichoma kwenye shimo la kuni kabla havijakauka vizuri. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yaligeuka mvuke, na zaidi ya nusu vikapasuka. Iliuma. Sasa tunavianika kivulini hadi tukivigusisha shavuni tusisikie ubaridi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi mawili. Kwanza, tunaomba utusaidie kupata tanuri dogo, kwa kuwa moto wa shimo haufikii joto la kuyeyusha ule mng'aro, na vyombo vyetu bado vinavuja maji. Pili, tunaomba utufikishie neno kwa wasimamizi wa makumbusho: pawepo meza moja yenye vigae vya vyungu ambavyo mgeni ataruhusiwa kuvishika. Katika ziara nzima hatukugusa chochote, na uzito wa chungu haujulikani kwa macho. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Basi na mwanafunzi wake naye ashike gae.

Vigae vya vyombo vyetu vilivyopasuka hatukuvitupa. Vipo kwenye kikapu mwisho wa meza, na tunakuomba uanze navyo utakapokagua kazi zetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.